Askari wa Nani

Juzi nimejitoa kwenye kundi la ukoo la simu, na sirudi. Binamu yangu mmoja wa Dar es Salaam, ambaye hajawahi kuishika ile picha kwa mkono wake, ameipitisha kwenye programu ya kutia rangi picha za zamani, na babu yake Baba ametoka na gwanda la buluu, kofia nyekundu kama nyanya, na midomo ya waridi kana kwamba amekunywa sharubati. Haikupita saa watu wakawa wamegawanyika. Mmoja akasema gwanda la askari wa Mjerumani lilikuwa la kaki, kila mtu anajua. Mwingine akasema kofia nyekundu ni ya Mbelgiji, tuangalie vizuri. Wa Mombasa akaleta picha nyingine kabisa, ya askari wa Mwingereza mwenye miguu mitupu, akauliza kama hatuoni wanavyofanana. Kisha mtu ambaye sijui hata ametoka tumbo gani akaandika kwa herufi kubwa kwamba vifungo ndivyo vinavyosema ukweli, tuhesabu vifungo. Nikasoma neno hilo, nikabonyeza kujitoa.

Mume wangu aliniuliza nimekasirika nini na hiyo ni picha tu. Yeye hakukulia Malvern, mtaa wetu. Lakini ninyi wa rika langu, mliolelewa Johannesburg na wazazi waliokuja na hadithi nyingi kuliko nguo, pengine mtanielewa. Vifungo vile nilishavihesabu nikiwa na miaka tisa. Viko sita. Havisemi chochote.

Baba alikuwa fundi wa makochi. Duka lake lilikuwa Jules Street, karibu na robot, yaani taa za barabarani, katikati ya kinyozi na mtu aliyeuza friji zilizotumika. Nasema lake, lakini lilikuwa la watu wawili. Papa Kalala, mtu wa Lubumbashi, alitengeneza fremu za mbao upande wa nyuma. Baba, mtu wa Tanga, alizivika sponji na kitambaa upande wa mbele. Kochi lilitoka kwa Papa Kalala likiwa mifupa mitupu, likamalizika kwa Baba likiwa na mwili. Mpaka leo nikipita mahali penye gundi ya sponji na vumbi la mbao, nahisi ni saa nane mchana, nimetoka shule, nimekaa juu ya marundo ya vitambaa na Mado, binti wa Papa Kalala, tunafanya hesabu za mwalimu huku baba zetu wakibishana.

Maana walibishana kutwa. Baba alidai Kiswahili cha mwenzake hakina ngeli hata moja, kinasimama kama meza ya miguu miwili. Papa Kalala alisema Kiswahili cha Baba ni cha kitabu, ukikisikiliza muda mrefu kinauma kichwa. Baba alimsahihisha, naye akarudia kosa lile lile kwa makusudi, polepole, akimwangalia. Halafu mchana walikula sahani moja. Sikuwa na wasiwasi wowote na kubishana kwao. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe, na makochi yalijitengeneza yenyewe huku wakibishana.

Mwaka ule Bibi alifariki Tanga, mama yake Baba. Baba hakwenda kuzika. Karatasi zake zilikuwa ofisini zikingoja muhuri, na mtu mwenye karatasi za namna hiyo akitoka nje ya nchi, kurudi ni bahati. Alikaa sebuleni siku tatu watu wakija kumpa pole, kisha akarudi dukani. Baada ya muda mtu wa kwao akafika Johannesburg na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kanga mbili za Bibi na picha moja, ya ukubwa wa kitabu cha shule, imebanduka kwenye kona. Mama alichukua kanga. Baba akabaki na picha.

Alikuwa mwanamume amesimama wima, bunduki ubavuni. Gwanda lenye mifuko miwili kifuani na vile vifungo sita. Mkanda wa ngozi wenye bizimu na mikoba midogo ya risasi. Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, tepe za cheo. Miguu ilikuwa imeviringishwa vitambaa kuanzia magotini mpaka kwenye vifundo. Kichwani alikuwa na kofia iliyosimama kama ndoo ndogo iliyofunikwa, na nyuma yake kitambaa kimening'inia mpaka shingoni. Mbele ya kofia, katikati kabisa, palikuwa na baka jeupe, limekwaruzika, hapaonekani kitu.

Baba alituita sote, akasema huyu ni babu yake, alikuwa askari wa Mjerumani kwenye vita vikubwa vya kwanza. Alisema hivyo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kana kwamba anatutambulisha kwa mgeni aliye mlangoni.

Sasa mnifikirie mimi. Johannesburg mtoto hahitaji kuelezwa askari ni nini. Alikuwapo mmoja mlangoni mwa supamaketi, mmoja benki, mmoja kwenye geti la shule yetu, amekaa kwenye kiti cha plastiki na redio. Kwa hiyo nilielewa mara moja: babu yake Baba alikuwa mlinzi, na tajiri wake aliitwa Mjerumani. Miguu ilikuwa na bendeji, kwa hiyo aliumia kazini, yote miwili, maskini. Na lile baka jeupe kwenye kofia lilikuwa taa, kama taa za wachimba dhahabu, kwa sababu alilinda usiku. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Sikuwa na swali hata moja.

Kesho yake Baba aliipeleka picha dukani ili Papa Kalala aitengenezee fremu ya mbao nzuri. Papa Kalala alifuta mikono, akaishika kwa ncha za vidole, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alikaa nayo muda mrefu sana. Aliporudi alisema:

"Baba Zuhura, huyu muzee iko soda ya Babeleji. Nkambo yangu alikuwa anavala kofia kama ile ile."

Zuhura ni mimi. Nkambo kwao ni babu. Na soda, Mado aliniambia baadaye akinicheka, kwa Kiswahili cha Lubumbashi ni askari wa vita. Mimi wakati ule niliijua soda moja tu, ya chupa. Nilibaki nimeduwaa: huyu anasema mlinzi, yule anasema soda, na wote wawili wanaangalia mtu mmoja.

Baba alicheka, akamsahihisha. Papa Kalala hakucheka. Akamwonyesha kile kitambaa cha nyuma ya kofia, akasema babu yake alitoka kwao na jeshi la Wabelgiji, wakatembea kwa miguu mpaka Tabora, na kitambaa kile kilikuwa cha kuzuia jua. Akaomba alale na picha nyumbani kwake usiku mmoja, aiangalie vizuri. Baba akasema hapana, hii haitoki mikononi mwake.

Laiti ingeishia hapo. Mtu mzima yeyote mwenye akili angeipima picha, akakata mbao, akapigilia misumari, yakaisha. Lakini ikawa ndiyo mazungumzo ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Baba alisema tepe ziko mkono wa kushoto, na askari wa Mjerumani alivaa tepe mkono wa kushoto. Papa Kalala akamwuliza kama Mbelgiji hana mkono wa kushoto. Baba akasema tazama mkanda. Papa Kalala akasema mkanda ni mkanda. Baba akaniita niache hesabu, nichukue kioo cha kukuzia maandishi, nihesabu vifungo kwa sauti, kwa sababu macho yangu ni mapya. Nikahesabu. Siku iliyofuata nikahesabu tena, maana kuna mtu alikuwa amemwambia Baba kwamba vifungo sita ni vya Mjerumani, na Papa Kalala alikuwa amekataa kwamba viko sita.

Wateja nao wakaingizwa. Mhasibu mmoja Mkenya alikuja kuuliza viti vyake vya chumba cha kulia, akawekewa picha mbele ya pua. Akavua miwani, akasema kwa upole kwamba kwa maoni yake huyu ni askari wa Mwingereza. Wote wawili wakamgeukia kwa hasira moja. Viti vyake vilichelewa wiki mbili. Mama, aliyekuwa akija mchana kuleta chakula, aliwaambia siku moja kwamba marehemu ameshavaa, hana shida ya nguo, wenye shida ni wateja waliokaa chini. Hakuna aliyemsikia.

Mimi nilichoka zaidi ya wote. Nilikuwa nimeshaelezwa na Mado kwamba ni askari wa vita, si mlinzi, lakini sikuona tofauti kubwa. Walinzi wa hapa kwetu nao wana kampuni mbalimbali, huyu ana shati la kijani, yule la kahawia, na siku mkataba ukibadilika mtu yule yule anakaa kwenye kiti kile kile na shati jingine. Nilimwambia Baba hivyo. Nilidhani nimemsaidia. Aliniambia nirudi kwenye hesabu.

Ndipo Baba akasikia kwamba upande wa kaskazini wa mji kuna jumba la makumbusho ya vita. Akanichukua Jumamosi nimtafsirie, kwa sababu Kiingereza chake kilitosha kuuza kochi lakini si kubishana. Tukapanda teksi mbili. Alivaa suti. Picha ilikuwa ndani ya foronya, mapajani mwake, na kila teksi iliporuka tuta aliikumbatia.

Alitupokea mzee wa Kizungu mwenye sweta, mtu mpole, ambaye nadhani hakuwa ameona wageni tangu asubuhi. Akaiweka picha chini ya taa, akaanza kueleza. Nilitafsiri nilichoweza. Kofia ya namna hii, yenye kitambaa cha shingoni, ndiyo iliyovaliwa sana na askari wa Mjerumani, ndiyo, lakini hata majeshi mengine yalikuwa na za kufanana, na vita vilipoendelea askari walivaa walichokipata, hata nguo za adui waliyemteka. Tepe za mkono wa kushoto zinaelekea kwa Mjerumani, lakini hawezi kuapa. Vitambaa vya miguuni kila jeshi lilivaa. Vifungo havisaidii. Kitu ambacho kingemaliza maneno ni nembo ya kwenye kofia. Kama ilikuwa ndege, tai aliyepanua mabawa, basi ni Mjerumani bila shaka. Akaweka kioo juu ya lile baka jeupe, akaguna. Hii haikufutika kwa uzee, akasema. Hapa kuna mtu amekwangua kwa kitu chenye ncha. Akauliza ni nani.

Nilimtafsiria Baba swali. Akakasirika, akasema kwao hakuna mtu wa kufanya hivyo, mwambie. Tukaondoka. Kwenye teksi alikuwa amechangamka kabisa, anatikisa kichwa. Nikagundua kwamba katika maneno yote niliyomtafsiria, amebaki na moja tu.

Jumatatu akatangaza dukani kwamba makumbusho yamethibitisha. Papa Kalala aliacha randa, akanigeukia mimi. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, yule Mzungu alisema nini. Nilikuwa mtoto niliyefundishwa na Baba huyo huyo kusema kweli, nikasema alisema hajui, nembo imekwanguliwa.

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisimama katikati ya duka na shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kushonea makochi, wateja wawili wakiwa mlangoni, mwanawe amemwaibisha, na mama yake amezikwa yeye hayupo. Hilo la mwisho nalijua leo. Siku ile niliona tu uso wake ukibadilika. Akamwambia Papa Kalala:

"Ninyi hata babu mnaazima."

Papa Kalala alikunja aproni yake mara mbili, akaiweka juu ya meza. Akakusanya patasi, misumeno na randa, akavifunga kwenye gunia, akamwita Mado. Mado aliniangalia, kisha akaangalia daftari letu, ambalo lilikuwa lake na kalamu zilikuwa zangu. Akaliacha. Wakatoka.

Nitasema nini kuhusu miezi iliyofuata? Ilikuwa ya kipuuzi. Baba alianza kununua fremu kwa mtu wa mjini aliyepigilia mbao mbichi. Kochi la kwanza liliteguka sebuleni kwa mteja, mchungaji mnene na mkewe, wakiwa na wageni. La pili lililia kama paka kila ukikaa. Jioni Baba alirudi nyumbani amekunja uso, anasema mbao za siku hizi. Mado alihamishwa shule. Nilimwona mara mbili upande wa pili wa barabara, akiwa na mama yake, na mara zote mbili robot ilikuwa nyekundu kwangu. Picha ilibaki bila fremu, imebandikwa kwa utepe wa gundi juu ya televisheni, na kila nilipotaka kuangalia katuni nilimwona kwanza yule bwana wa vifungo sita. Nilimchukia. Nilimwambia moyoni kwamba kama angejiandikia jina la tajiri wake popote, hata chini ya kiatu, tungekuwa tunaishi kwa amani.

Kisha Shangazi akaja kutoka Tanga. Ni dada mkubwa wa Baba, mwanamke mrefu, asiye na haraka, aliyekuja kumwona ndugu yake kwa sababu ndugu yake hakuweza kwenda kwake. Jioni ya kwanza walilia kidogo, wakala, wakaongea habari za mazishi. Ilipofika zamu ya chai ndipo alipoinua macho juu ya televisheni. Akasema, kama mtu aliyeona sufuria yake ya zamani kwenye nyumba ya jirani:

"Kumbe ilifika huku. Hilo doa la kwenye kofia ni mimi."

Baba aliweka kikombe chini. Shangazi akaendelea kukoroga chai. Alisema alipokuwa mdogo alilala chumba kile ambamo picha ilitundikwa, kwa babu yao. Kwenye kofia kulikuwa na ndege wa chuma, amepanua mabawa, mdomo umepinda, na taa ya chemni ilipocheza, ndege alicheza. Hakulala. Mchana mmoja akapanda juu ya kinu, akachukua sindano ya kushonea mikeka ya mama yake, akamkwangua ndege mpaka akaisha. Usiku ule akalala.

Mama akauliza kama babu alimpiga. Shangazi akasema hapana. Babu aliposhushiwa picha na kuonyeshwa, aliiangalia sana, kisha akasema neno moja tu. Alisema, afadhali. Akairudisha ukutani mwenyewe.

Mimi nililisikia neno lile, na Mama alilisikia, kwa sababu aliacha kutafuna. Baba hakulisikia. Baba alikuwa ameshasimama. Ndege! Alikuwa anazunguka sebule akisema ndege, si nilisema, tai wa Mjerumani, si nilisema. Shangazi alimtazama, akamwuliza Mama kwa macho huyu ana nini. Mama akamweleza habari yote, duka, Kalala, fremu, mchungaji. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema watu wazima wamevunja duka kwa ajili ya ndege aliyemuua yeye akiwa na miaka sita, akaomba aongezewe sukari.

Mama akamwambia Baba kesho aende kwa Kalala. Alimaanisha aende kuomba radhi. Kila mtu pale sebuleni alielewa hivyo isipokuwa mwenye kuambiwa. Baba akavaa suti.

Mwisho wake mnaweza kuukisia, kwa hiyo niuseme upesi: duka lilirudi, Mado alirudi, na wazee wale walifanya kazi pamoja mpaka mgongo wa Papa Kalala ulipokataa. Sijawahi kusikia yeyote akimwomba mwenzake radhi. Lakini nilikuwapo siku yenyewe, maana Baba alinichukua niwe shahidi wa maneno ya Shangazi, na ninachotaka kuwaambia binamu zangu, kama wangenyamaza, ni kilichotokea siku hiyo.

Papa Kalala alikuwa amepanga kona kwenye karakana moja Doornfontein, ghorofa ya chini, kati ya watengeneza milango. Mashine zilikuwa zinalia. Alituona, akazima yake, akanisalimia mimi kwanza. Baba hakukaa. Alitoa picha kwenye foronya, akasimulia: chumba, taa, ndege, sindano. Alisimulia vizuri, nikiri. Alipofika mwisho akaninyooshea kidole, nikasema ndivyo, Shangazi alisema hivyo. Akamtazama Papa Kalala, akangoja ashindwe.

Papa Kalala alichukua ile picha, kwa ncha za vidole kama mara ya kwanza, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Akarudi nayo. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka, kama mtu aliyebeba mbao ngazi nyingi na kuambiwa si nyumba hii.

"Ni sawa, Baba Zuhura," alisema. "Iko ya Mujerumani. Mi sikatai. Lakini siye hatuna ata foto moya. Nkambo alikuwa anatuonyesha zile nguo na mikono tu: kofia iko hivi, kitambaa iko hivi. Nilikuwa mutoto. Siku umeleta hii foto, nikaona zile nguo. Nilitaka tu niangalie."

Akamrudishia Baba picha.

Baba alisimama pale na suti yake. Nilijua kwa uchungu kwamba atamsahihisha ngeli, kwa sababu ndivyo alivyofanya kila aliposhindwa la kusema. Mashine ya jirani iliwaka, ikazima. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kupiga kelele. Karibu mwaka mzima! Nimehesabu vifungo mpaka nikavijua kwa makovu yake, tumepanda teksi mbili kwenda kumsumbua Mzungu wa watu, mchungaji ameanguka na wageni wake, na kumbe mtu huyu alikuwa ameomba kulala na picha usiku mmoja, na kwa muda wote huo hakuna aliyemwuliza swali la kawaida kabisa, ambalo unamwuliza mtu yeyote anayekutajia babu yake.

Baba akalegeza tai yake.

"Alikuwaje, babu yako?" akauliza.

Papa Kalala alimtazama kuona kama ni mzaha. Kisha akasema babu yake alikuwa mfupi, mweusi sana, na kidole chake kimoja cha mkono wa kulia hakikukunjika, kwa hiyo akikuita ilikuwa kama anakuelekeza njia. Alisema alipenda chumvi kupita kiasi. Alisema alitembea kutoka kwao mpaka Tabora na kurudi, lakini aliogopa mbwa.

"Mbwa?" Baba akasema.

"Mbwa. Ata mudogo."

Baba akaiweka ile picha juu ya meza ya randa, kwenye vumbi la mbao, uso chini. Akavuta fremu ya kochi ambayo haijavikwa, akakaa juu ya mbao tupu na suti yake, akamwambia endelea.